Corolla ya zamani inalia "ta" moja haiwaki, na betri ni mpya

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Corolla AE110 ya mwaka 1998, otomatiki, naishi Kisasa hapa Dodoma, kazini ni Mtumba. Wiki iliyopita saa nane mchana niliingia sheli pale Ihumwa kuweka mafuta, nikazima, kuja kuwasha imegoma. Taa za dashibodi zinawaka zote, ila nikizungusha ufunguo inalia "ta" moja tu basi. Vijana wakaisukuma sana haikuwaka, tukaiacha kama nusu saa, ikawaka yenyewe kama haina shida. Asubuhi inawaka vizuri tu, shida ni mchana nikishatembea. Fundi wa kwanza kasema betri, nimenunua mpya bado iko vilevile, wa pili kasema kontroli boksi imekufa. Sina hela ya kubahatisha tena, naomba ushauri.

JIBU: Marahaba mdogo wangu, pole sana kwa kusimamishwa juani. Kabla ya yote, hiyo kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, usinunue, hata ukiletewa kwa bei ya kutupa. Kwa maelezo yako gari lina shida kwenye umeme wa kuzungusha injini, yaani njia ya kutoka kwenye betri mpaka kwenye staata (mota ya kuzungushia injini), na kwenye Corolla hiyo njia hiyo haipiti kwenye kontroli boksi. Umeme unatoka betri unaingia swichi ya ufunguo, unapita swichi ya gia ile inayohakikisha uko P au N, unashuka kwa waya mwembamba mpaka kwenye solenoidi ya staata, swichi ya sumaku inayoipitishia mota umeme mkubwa, imeisha hiyo. Kontroli boksi inapewa tu taarifa kwamba mtu anapiga staata ili iandae petroli na moto wa plagi. Ingekuwa imekufa kweli, injini ingezunguka vizuri kabisa ng'we-ng'we-ng'we ila isishike. Yako haizunguki kabisa, kwa hiyo huyo fundi wa pili anatibu ugonjwa ambao gari lako halina.

Ndo maana mtu akiniambia gari haiwaki swali langu la kwanza siku zote ni hilo, inazunguka au haizunguki? Wengi hawaulizwi, wanauziwa spea moja kwa moja, na gari likiwa la zamani kila mtu anaona ni sawa tu kila kitu kubadilishwa. Sio sawa. Toyota za miaka hiyo umeme wake ni rahisi na unapimika, ukiwa na mita ya umeme ya kawaida na mtu mmoja wa kukuzungushia ufunguo unajua ugonjwa uko wapi kabla hujatoa hata shilingi.

Sasa sikiliza mlio. Ukizungusha ufunguo ikalia ta-ta-ta-ta haraka haraka na taa za dashibodi zinafifia, hapo umeme hautoshi, betri imeshuka au taminali, vile vibanio vya kwenye betri, zimelegea au zina kutu. Ikiwa kimya kabisa hakuna hata mlio, angalia gia kama iko P sawasawa, hamishia N ujaribu tena, kama N inakubali basi ni swichi ya gia imechoka au inataka kurekebishwa, na kama bado ni kimya basi angalia fyuzi, rilei (swichi ndogo inayovutwa kwa umeme) na swichi ya ufunguo. Ikilia "ta" moja nzito alafu basi, hiyo ya kwako, maana yake umeme umefika kwenye solenoidi, solenoidi imevuta, lakini umeme mkubwa wa kuzungusha mota haukupita. Ila hakikisha huo mlio unatoka wapi. Mtu azungushe ufunguo we usimame mbele boneti ikiwa wazi. "Ta" nzito ya chini kule staata iliposhikana na gia boksi ni solenoidi, kamlio kadogo kepesi kutoka chini ya dashibodi au kwenye boksi la fyuzi ni rilei tu, na hapo shida iko juu zaidi kwenye waya mwembamba.

Kwenye maelezo yako kuna vitu vitatu vimenisaidia sana. Cha kwanza ni kwamba inagoma ikiwa ya moto na ikipoa inakubali. Chuma na shaba zikipata joto upinzani wa umeme unaongezeka, na staata iliyochakaa ikiwa ya moto inadai umeme mwingi zaidi wakati njia yenyewe imeshakuwa mbovu, kwa hiyo asubuhi yenye kibaridi cha Dodoma inajikaza inawaka, saa nane umetoka Mtumba jua linawaka na injini imechemka, inashindwa. Cha pili ni betri mpya haikubadilisha kitu. Cha tatu ni kusukumwa. Hao vijana waambie asante lakini gari la otomatiki haliwaki kwa kusukumwa, maana pampu ya oili ya gia boksi inazungushwa na injini, injini ikiwa imezima hakuna presha ya kushika gia, matairi yanazunguka injini haina habari. Kwa hiyo hata kama gari lingekuwa zima kabisa upande wa petroli na moto, lisingewaka pale. Isikutishe.

Nikiunganisha hivyo vitatu, mshukiwa wangu namba moja ni kopa, yaani vipande vya shaba, za ndani ya solenoidi ya staata. Ntakueleza kilivyo ili fundi asikuzungushe. Staata nyingi za Toyota za wakati ule nyuma pana kifuniko cha duara kinachoshikwa na skrubu au bolti ndogo tatu. Ukikifungua unakuta pini yenye sahani ya shaba kichwani, na pembeni yake vipande viwili vya shaba, kimoja kinatoka kwenye waya mnene wa betri, kingine kinaenda kwenye mota. Ukipiga staata ile pini inavutwa, sahani inagonga vile vipande viwili kwa pamoja, hiyo ndo "ta" unayosikia, na umeme unapita. Sasa kila inapogonga panaruka cheche, na kila cheche inakula shaba kidogo. Baada ya miaka ishirini na kitu utakuta kipande kimoja, mara nyingi cha upande wa betri, kimeliwa mpaka kimebaki kama ukucha, kina shimo na weusi, na kingine bado kinene. Hapo sahani inagonga upande mmoja tu, upande wa pili haigusi au inagusa kwa ncha. Siku nyingine inabahatika kugusa inawaka, siku nyingine unapiga mara saba ya nane ndo inashika. Nikisikia mtu anasema "inawakaga ukijaribu jaribu" mi akili yangu inaenda hapo hapo.

Mshukiwa wa pili kwenye hiyo hiyo staata ni kaboni, zile zinazosuguana na amecha, sehemu ya mota inayozunguka. Zikiisha unapata dalili ileile, "ta" moja na kimya. Namna ya kuzijua ukiwa njiani ni kuigonga staata taratibu kwa mpini wa spana huku mtu anapiga ufunguo. Ikishtuka ikazunguka, ugonjwa umo ndani ya staata, kaboni au kopa. Ila kugonga ni kwa ajili ya kufika nyumbani tu, usifanye ndo utaratibu wa maisha, na usigonge kwa nyundo kwa sababu kwenye staata za aina fulani ndani kuna sumaku zinazopasuka.

Lakini, na hapa naomba uniskilize vizuri, usikimbilie kushusha staata kabla hujaangalia vichwa vya hiyo betri mpya. Corolla za kutoka Japani nyingi zinakuja na vibanio vidogo kwa ajili ya betri ya nguzo nyembamba, na madukani kwetu kuna betri za nguzo nyembamba na za nguzo nene. Ukiuziwa yenye nguzo nene fundi anapanua kibanio kwa bisibisi mpaka kinapata ufa, ukiuziwa nyembamba kwenye kibanio kilichokwisha panuliwa anachomeka msumari au kibati kujaza nafasi. Taa zitawaka, redio italia, honi italia, kwa sababu hivyo vyote vinataka umeme kidogo. Staata inataka ampea mia na zaidi kwa mpigo, na zile haziwezi kupita kwenye ncha ya msumari. Shika kibanio kwa mkono ukizungushe, kikicheza hata kidogo umeshapata kosa moja. Kifungue kwa spana namba 10, anza na hasi, sugua ndani yake na nguzo yenyewe kwa msasa mpaka ving'ae, kaza, mwisho paka grisi kidogo juu. Kama kina ufa nunua kipya, ni kitu cha bei ndogo sana.

Fuata na waya wa eathi, ule unaotoka hasi ya betri kwenda kwenye bodi na kwenye injini. Huu watu wanausahau sana. Gari linalopita barabara za vumbi kila siku bolti ya eathi inalegea kwa mtikisiko na vumbi linajaa chini yake, na umeme wote unaokwenda staata lazima urudi kwa njia hiyo. Ifungue, sugua, kaza.

Vipimo vyenyewe ni hivi. Gari likiwa limelala usiku kucha, betri nzima isome kama volti 12.6. Ikisoma 12.2 iko nusu, ikiwa chini ya 12 imeisha, na usidhani kwa kuwa ni mpya basi imejaa, betri ikikaa dukani miezi mingi inashuka yenyewe. Kisha gari likiwa la moto na limegoma, hapo ndo pa kupima, maana ukipima asubuhi ikiwa nzima utaambiwa kila kitu kiko sawa. Mtu ashike ufunguo kwenye staata, we soma betri. Ikianguka chini ya volti 9.6 hivi, betri imechoka au staata imeganda inavuta umeme kupita kiasi. Ikibaki 12 na kitu bila kutikisika na umesikia "ta", betri haina kosa, umeme hauingii kwenye mota. Kama huna mita washa taa kubwa, mtu apige staata, taa zikizimika karibu kabisa angalia betri na taminali, taa zikibaki kali vilevile angalia staata. Kipimo cha mwisho, mguu mmoja wa mita weka juu ya nguzo ya hasi yenyewe, sio kibanio, mguu mwingine kwenye chuma kisafi cha injini, piga staata. Ikisoma zaidi ya nusu volti, eathi yako ni mbovu. Upande wa chanya fanya hivyohivyo, kutoka nguzo ya betri mpaka kwenye bolti ya waya mnene nyuma ya staata.

Kuna kitu kingine hukusema, je gari lina alarm iliyofungwa mtaani? Nyingi wakifunga wanakata waya mwembamba wa staata na kupitisha kwenye rilei yao, na ile rilei au ile tepu waliyofungia ikichoka inaleta ugomvi wa mchana kama huu. Kwa "ta" nzito uliyoeleza sidhani, lakini kama ipo mwambie fundi umeme aipime. Swichi ya ufunguo iliyochakaa nayo inaweza kupeleka umeme hafifu kwenye huo waya, solenoidi inavuta kwa ulegevu. Waya mwembamba pale kwenye staata ukipigwa ufunguo unatakiwa usome karibu na volti za betri wakati huohuo, ikipungua sana fundi anaweka rilei karibu na betri kazi inaisha.

Ikigoma tena kabla hujatengeneza, zima kila kitu, handibreki juu, gia P, jaribu, kisha N, jaribu. Usikubali mtu alale chini kuunganisha bolti za staata kwa bisibisi kama gia haijathibitishwa iko P na matairi hayajawekewa mawe, gari likiwa kwenye gia linawaka na kuondoka juu ya mtu. Wakitaka kubusti kutoka gari lingine, waya mwekundu uanzie chanya ya betri yako kwenda chanya ya wenzako, mweusi hasi ya wenzako kwenda kwenye chuma cha injini yako mbali na betri. Wakigeuza chanya na hasi wanaunguza diodi za altaneta (ile inayochaji betri) na fyuzi kubwa. Ila kwako kubusti hakutasaidia sana maana umeme unao, haupiti tu.

Suala la maji ya betri niliseme kidogo kwa sababu Dodoma linaua betri nyingi. Kama betri yako ni ya vifuniko vya kufungua, joto la huku linakausha maji haraka, angalia mara kwa mara hasa Oktoba na Novemba. Weka maji ya betri ya dukani peke yake. Maji yetu ya bomba na ya visima yana chumvi, kila mtu anaona ukoko unaobaki kwenye sufuria, na ukoko huo huo unakwenda kukaa kwenye sahani za betri. Kwenye rejeta hivyohivyo, tumia kulanti, maji maalumu ya rejeta, maana rejeta ikiziba kwa chumvi injini inachemka kupita kawaida na staata inapikwa pamoja nayo.

Kwa wengine mnaosoma ambao injini inazunguka vizuri ila haishiki, ninyi waacheni staata na betri. Tafuteni vitu viwili, moto na petroli. Kwanza hakikisha petroli ipo, geji za magari ya zamani zinadanganya. Kisha sikiliza mzunguko, ukiwa mwepesi na wa haraka kuliko ulivyozoea inawezekana taimingi belti imekatika, fungua kifuniko cha oili juu ya injini uchungulie mtu akipiga staata, kamshafti, ile fimbo inayofungua valvu, isipozunguka ni belti hiyo, acha kupiga. Belti ya hizi injini za 5A, za Corolla kama hii, inatakiwa ibadilishwe kila kilomita 100,000 na wengi wamenunua gari hawajui ya kwao ilibadilishwa lini. Kama kamshafti inazunguka, angalia fyuzi iliyoandikwa EFI kwenye boksi la chini ya boneti. Ikiwa nzima kuna kisanduku kidogo cheusi kimeandikwa DIAGNOSIS, ndani matundu yana herufi, unganisha FP na +B kwa kipande cha waya, ufunguo uweke ON bila kupiga, sikiliza kwenye tenki. Pampu ikivuma ni nzima, isipovuma tafuta rilei yake, waya au pampu yenyewe. Hapo hapo ukiunganisha TE1 na E1 taa ya cheki injini inaanza kukonyeza namba, 12 ni mawimbi ya mzunguko hayafiki kontroli boksi, 14 ni upande wa igniter, kifaa kinachoamrisha moto wa plagi, na kwenye Corolla nyingi hizi vyote hivyo vimo ndani ya distribyuta, kigawa moto wa plagi, au vimeungana nayo. Hapo ndo pa kuanza kuongea habari za kontroli boksi, na bado inakuwa ya mwisho kabisa kwenye foleni.

Turudi kwako mdogo wangu. Jumamosi kabla ya jua kali nenda kwa fundi umeme wa magari, sio fundi wa injini, mwambie maneno haya: ikipata moto inalia "ta" moja, betri ni mpya, naomba upime taminali na eathi kwanza, ukikuta ziko sawa shusha staata ufungue solenoidi mbele yangu. Simama uangalie. Vile vipande vya shaba vikiwa vimeliwa vitaonekana hata kwa macho yako. Kopa na sahani yake vinauzwa, kaboni zinauzwa, na bushi za staata zikiwa zimelegea zibadilishwe hapohapo kwa sababu amecha ikianza kuburuza kando inakula umeme na utarudi tena. Akikushauri kununua staata nzima ya mtumba kutoka Japani, kubali tu kama amecha yako imeungua au nyumba ya staata imepasuka, na hata hiyo ya mtumba aifungue kwanza muone kopa zake, maana imetoka kwenye gari lenye umri kama wa lako. Kabla ya kushusha staata hakikisha amefungua hasi ya betri, ule waya mnene una umeme muda wote na spana ikigusa bodi inayeyuka.

Akimaliza usilipe hapohapo. Washa, pima betri injini ikiwa inaunguruma, isome kati ya volti 13.8 na 14.5, ikiwa 12 na kitu altaneta haichaji na hiyo betri mpya itaisha. Kisha toka naye mpaka Nzuguni mrudi, injini ipate moto kamili, zima, subiri dakika tano boneti ikiwa imefungwa, piga staata. Rudia hivyo mara kadhaa mbele yake, na ikilia "ta" hata mara moja, mita irudi kwenye eathi gari likiwa bado la moto.